Risasi mbili kati ya tano hazikuchanua kwenye jeli: lawama ni ya risasi, ya mtutu au ya jeli yenyewe?

Mvita wa Ohio aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum na salamu kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wa tisa naishi Columbus, Ohio, kwa kibali cha ukazi wa kudumu, na ninamiliki bastola moja tu ya 9mm yenye mtutu wa inchi 3.1. Naiweka kwa ajili ya kujilinda nyumbani, na kwa kuwa sipendi kuamini maandishi ya kwenye boksi bila kuyapima, nilinunua matofali mawili ya jeli ya sintetiki ya kupimia risasi, ile inayoangaza kama kioo, nikaenda kuyajaribu kwenye shamba la mtu tunayefahamiana.

Tuliyapanga matofali hayo moja nyuma ya jingine mbele ya tuta la udongo, kila moja likiwa na urefu wa inchi 16, kisha tukaning'iniza mbele yake tabaka nne za kitambaa cha jinzi. Nilisimama umbali wa futi 10, nikapiga risasi tano za greni 124 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zenye tundu kwenye ncha, kila moja mahali pake ili njia zisiingiliane. Risasi tatu zilichanua vizuri, midomo yake imejikunja kwa nyuma kama ganda la ndizi lililomenywa. Upana wake ulikuwa kati ya inchi 0.53 na 0.56, na kina chake kilikuwa kati ya inchi 17 na 19. Mbili zilizobaki hazikuchanua hata kidogo. Zilipita tofali la kwanza moja kwa moja, zikaingia la pili, moja ikasimama kwenye inchi 25 na nyingine kwenye inchi 27, na hiyo ya mwisho niliikuta imegeuka, kitako mbele na ncha nyuma. Tundu lake lilikuwa limeshindiliwa pamba ya buluu. Nilipoichokonoa kwa kijiti cha meno, kilitoka kipande cha kitambaa cha duara kamili, kama kifungo cha shati.

Boksi linadai kwamba risasi hizi zimetimiza kipimo cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, cha kina cha inchi 12 hadi 18. Kwa hiyo nauliza: je, nimeuziwa risasi mbovu, au kosa ni langu? Pia, kwenye video ya mwendo wa polepole ambayo shemeji yangu aliipiga kwa simu, unaonekana mwako wa moto ndani ya jeli risasi inapopita. Yeye anasema ule ndio nguvu ya risasi, na kwamba risasi iliyowaka zaidi ndiyo bora. Mimi nina shaka.

Baruti na Mizani alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu Mvita. Umefanya jambo jema kupima kabla ya kuamini, lakini kabla ya kuihukumu risasi ninakuomba unijibu mambo matatu ambayo hukuyataja. Jeli ilikuwa na joto kiasi gani ulipoipiga? Uliihakiki kwa gololi kabla ya kuanza? Na mwendo wa risasi ulipotoka mtutuni ulikuwa futi ngapi kwa sekunde? Bila majibu hayo, inchi zako 27 ni sawa na urefu wa kitambaa uliopimwa kwa mkono wa mtu ambaye hatujui ni mrefu au mfupi.

Jeli haikubuniwa iwe mwili wa mtu. Ilibuniwa iwe rula. Aliyeiweka sawa ni Kanali Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani aliyehudumia majeruhi Vietnam na baadaye akaongoza maabara ya balistiki ya majeraha, yaani elimu ya jinsi risasi inavyojeruhi, katika taasisi ya utafiti ya jeshi iliyokuwa Presidio, San Francisco. Kabla yake kila mtu alipiga alichokitaka, udongo wa mfinyanzi kwa huyu, sabuni kwa yule, na jelatini ya nguvu yoyote kwa mwingine, hivyo matokeo ya mmoja hayakuweza kulinganishwa na ya mwenzake. Fackler alionyesha kwamba jelatini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya unga kwa sehemu tisa za maji kwa uzito, ikiwa na ubaridi wa nyuzi 4 za Selsiasi, huizuia risasi kwa kiasi kinachokaribiana na nyama ya misuli. Na ili mtu asidanganyike kwamba tofali lake ni sahihi, akaweka uhakiki: gololi ya chuma ya inchi 0.177 ipigwe kwa bunduki ya upepo ikiwa na mwendo wa futi 590 kwa sekunde, nayo iingie sentimita 8.5, ikizidi au kupungua isivuke sentimita moja. Ikiingia zaidi, jeli ni laini. Ikiingia pungufu, jeli ni ngumu.

Sasa kuhusu inchi 12 hadi 18. Asili yake ni Miami, tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maafisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapema katika mapambano yale, Platt alipigwa risasi ya 9mm iliyopita katika mkono wake wa juu wa kulia, ikaingia kifuani, ikaharibu pafu na kusimama kabla ya kuufikia moyo. Jeraha hilo lilikuwa la kumuua, lakini halikumzuia kuendelea kupiga. Maafisa Benjamin Grogan na Jerry Dove waliuawa, na wenzao watano wakajeruhiwa. FBI ikaona kwamba risasi ile ilikosa kina, ikawakusanya wataalamu Quantico, kwenye chuo chake cha mafunzo, mwaka 1987, na katika kazi hiyo ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kupima kwa jeli tupu, nguo nzito, bamba za chuma, ubao wa jasi, mbao za plaiwudi na kioo cha gari. Inchi 12 zimewekwa kuwa kima cha chini kwa sababu mtu mwenye silaha hasimami kama picha ya pasipoti. Mara nyingi mkono uko mbele ya kifua, au amegeuka ubavu.

Ninaongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Baada ya Miami FBI ilihamia risasi nene zaidi za 10mm, halafu za inchi .40, na mwaka 2014 idara yake ya mafunzo ikaandika hoja za kurudi 9mm, kwa sababu viwanda vilikuwa vimetumia miaka zaidi ya ishirini kutengeneza vichwa vya risasi vinavyofaulu mtihani huo. Ndiyo maana ninamwambia kila anayeniuliza kwamba usomaji wa matokeo ya jeli ndio uliobadilisha risasi, kuliko ukubwa wa kaliba, yaani unene wa risasi.

Mvita wa Ohio aliandika tena:

Nashukuru, mkuu. Ninakiri kwamba matofali yalikaa kwenye buti ya gari tangu asubuhi, na mchana ule joto lilifika nyuzi 33. Uhakiki wa gololi sikuufanya kwa kuwa sikujua kama upo. Jana nimeazima bunduki ya upepo na kronografu, kile kifaa cha kupima mwendo wa risasi, nikaliacha tofali juani kwa makusudi lipate joto lile lile, na gololi imeingia sentimita 11.8. Nimepima pia risasi tano kutoka boksi lile: wastani wake ni futi 1,052 kwa sekunde, ilhali boksi limeandika 1,150.

Baruti na Mizani alijibu:

Basi sehemu kubwa ya jibu unayo mkononi. Gololi imezidi mpaka wa juu kwa sentimita 2.3, maana yake ulikuwa unapiga uji mzito wala si jeli, na kina chote ulichopima kimerefuka, cha zilizochanua na cha zisizochanua. Na hizo futi 98 zilizopungua zinatokana na mtutu wako mfupi. Kiwanda hupima kwa mtutu mrefu zaidi, mara nyingi wa inchi 4, ambapo baruti hupata nafasi ya kuungua na kusukuma. Kichwa cha risasi huchanua kwa shinikizo la majimaji yanayoingia kwenye tundu la ncha, na shinikizo hilo hupungua mwendo unapopungua. Tundu likizibwa na kitambaa, risasi inabaki kuwa ya kawaida isiyochanua, inapita tu.

Tabaka nne za jinzi, kwa njia, hazikuwekwa ili kuiga mavazi ya mtu. Chama cha wataalamu wa balistiki ya majeraha kilizichagua kwa sababu ni mtihani mgumu wa kuziba tundu, na jinzi inayotumiwa ni nzito, ya wakia 16 kwa yadi ya mraba. Ukitumia suruali kuukuu, angalau hakikisha risasi haipiti kwenye mshono au kwenye pindo la mfuko.

Hata ukilipoza tofali lako la sintetiki hadi gololi ikakubali, usilifanye kuwa jelatini. Lile limetengenezwa kwa mafuta ya madini na polima. Gololi ndogo inayokwenda futi 590 inaweza kuingia sawasawa katika vyote viwili, lakini risasi inayochanua kwa mwendo wa futi 1,000 ikasoma tofauti, na kwa kawaida kwenye sintetiki huchanua pungufu kidogo na kwenda mbali zaidi. Lina faida zake: unaiona njia yote bila kukata, halihitaji friji, unaliyeyusha na kulitumia tena. Kulinganisha risasi mbili kwenye tofali moja siku moja, linafaa kabisa. Kusema kwamba risasi fulani imetimiza kipimo cha FBI, halifai.

Na mwako ule mwambie shemeji asiuhesabu. Risasi ikipita, jeli hutanuka na kufungua uwazi mkubwa kwa muda mfupi mno, hewa huingia pamoja na mvuke wa mafuta ya jeli yenyewe, kisha uwazi unapojifunga hewa ile hubanwa, hupata joto na kuwaka, kama inavyotokea ndani ya injini ya dizeli. Mtu hana mafuta ya madini kifuani.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Nimesoma kwa makini, na ninaomba niingie kidogo kwa sababu kazi yangu ni katika chumba cha majeruhi kwenye hospitali moja ya Texas, na risasi ninaziona zikiwa zimemaliza safari yake. Kaka Baruti amesema kweli kwamba jeli ni rula, lakini ninaona wasomaji wanaweza kudhani kwamba rula hiyo inapima kila kitu.

Tofali la jeli ni kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kifua cha mtu si hivyo. Kuna ngozi, ubavu, pafu lililojaa hewa ambalo karibu halizuii chochote, kisha moyo, kisha uti wa mgongo. Ngozi peke yake inanyumbulika kuliko watu wanavyodhani; si mara moja wala mbili nimemgeuza mgonjwa ubavu na kukikuta kichwa cha risasi kimelala chini ya ngozi ya upande wa pili, unakigusa kwa kidole kama jipu gumu, kimeshindwa kutoboa utando wa mwisho baada ya kupita mwili mzima. Anayesema kwamba kila risasi iliyofika inchi 18 kwenye jeli lazima itatoka upande wa pili wa mtu na kumdhuru aliye nyuma, anahesabu jeli akidhani anahesabu mwili. Hata hivyo, risasi yako isiyochanua ya inchi 27, ndugu Mvita, mimi nisingependa ipigwe katika nyumba yenye watoto chumba cha pili, hasa kwa kuwa kuta za nyumba nyingi za huku ni ubao wa jasi tu.

Jambo la pili ni ule uwazi wa muda mnaouona kwenye video. Unavutia macho, lakini kwa risasi za bastola misuli na mapafu huvumilia kule kutanuka na kurudi mahali pake. Ini halivumilii vizuri hivyo. Kinachohesabiwa zaidi ni tundu la kudumu, yaani tishu zilizokatwa na kupondwa njiani, na lilipita wapi. Nimeona watu waliopigwa mara kadhaa wakitembea wenyewe hadi mlangoni kwetu, na nimeona aliyepigwa mara moja ambaye hakuwahi kufika. Tofauti ilikuwa mahali risasi ilipopita.

Baruti na Mizani alijibu:

Dada Muuguzi, nakubaliana nawe kwa mengi, ila nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba jeli na mwili havihusiani. Eugene Wolberg, mtaalamu wa maabara ya polisi ya San Diego, alizichukua risasi za 9mm za greni 147 zilizotolewa kwenye miili ya watu waliopigwa na polisi, akazilinganisha na risasi za aina ile ile zilizopigwa kwenye jelatini, akachapisha matokeo yake mwaka 1991. Kina na uchanuaji vilikaribiana sana. Si kila risasi moja moja, kwa kuwa mfupa ni mfupa, bali kwa wastani. Hapo ndipo rula ilipopata heshima yake.

Babu wa Kilindi alijibu:

Wanangu, mimi niko Minnesota, na jelatini nimeipika kwa miaka mingi kwa ajili ya kupima risasi za kuwindia. Mvita, ukitaka jibu la haki acha kioo hicho na upike jelatini. Aliyewahi kuacha supu ya makongoro usiku kucha kwenye friji, asubuhi akaikuta imeganda na kutikisika, anajua tayari ni kitu gani.

Nunua unga wenye nguvu ya blumu 250; blumu ni kipimo cha ugumu wa jelatini ikiganda. Mwaga unga kwenye maji baridi, usifanye kinyume chake, uache ulowane saa kadhaa, kisha upashe joto polepole huku ukikoroga bila kupiga povu, na joto la maji lisipite nyuzi 40. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na haraka, nikauchemsha kama ugali. Jelatini iliganda, ikapendeza, nikaipeleka uwanja wa shabaha kwa furaha, na gololi ya kwanza ikazama sentimita 14 kana kwamba imeanguka kwenye maziwa mgando. Joto kali huvunja nguvu za jelatini, na ukishazivunja hazirudi. Matone machache ya mafuta ya mdalasini huzuia kuoza, nami niliyadharau hayo pia, mpaka siku ya tano mke wangu alipofungua friji na kuniuliza nani amekufa mle ndani.

Ikishaganda, iache kwenye nyuzi 4 kwa siku mbili kamili, kwa sababu nje hupoa mapema kuliko katikati. Isafirishe kwenye sanduku la barafu na uipige ndani ya nusu saa tangu kuitoa. Gololi kwanza, risasi baadaye, gololi tena mwishoni.

Mvita wa Ohio aliandika tena:

Babu, shikamoo. Maelekezo yako nimeyaelewa, ila nina kikwazo kimoja ambacho huenda wengine humu wanacho. Nimesoma kwamba unga unaotajwa katika utaratibu ni wa aina A, nao kwa kawaida hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Nyumbani kwangu huo hauingii, hata kwa kupigwa risasi.

Babu wa Kilindi alijibu:

Marahaba. Kuna aina B inayotokana na ng'ombe, na ipo yenye blumu ile ile. Mwenye utaratibu alichagua A ili wote watumie kitu kimoja, lakini mwamuzi kati yako na tofali lako ni gololi. Ikisimama kwenye sentimita 8.5, umepata rula yako, nawe utaandika kwenye matokeo kwamba ulitumia ya ng'ombe. Ikikataa, badilisha kipimo cha maji kidogo upike tena. Na nunua friji kuukuu uiweke gereji.

Mvita wa Ohio aliandika tena, wiki tatu baadaye:

Nimerudi na hesabu kama nilivyoahidi katika nafsi yangu. Friji kuukuu nimeipata, jelatini ya ng'ombe nimeipika mara mbili, ya kwanza nikaimwaga kwa sababu ilikuwa na mapovu. Tofali la pili lilikuwa na ubaridi wa nyuzi 4, gololi ikaingia sentimita 8.9 kabla ya kuanza na 9.2 baada ya kumaliza, na jinzi nimenunua mpya, nzito, isiyo na mshono.

Risasi zile zile za greni 124, kutoka boksi lile lile: nne zilichanua, kina kati ya inchi 13.5 na 15. Moja haikuchanua, ikasimama kwenye inchi 23, na ndani ya tundu lake kulikuwa na kifungo kile kile cha kitambaa. Kwa hiyo inchi zilizozidi zilikuwa za jeli ya moto, lakini kuziba kulikuwa kwa kweli, na mtutu wangu mfupi hauzipi risasi hizi mwendo zinaouhitaji. Boksi halikusema uongo, ila halikuzungumza kuhusu bastola yangu.

Kwenye tofali jingine la mpiko ule ule nimepiga tano za greni 147, ambazo mtengenezaji ameziunda kuchanua kwa mwendo mdogo. Wastani wa futi 931 kwa sekunde, zote tano zimechanua, upana kati ya inchi 0.56 na 0.59, kina kati ya inchi 14 na 16. Tano ni chache, najua. Nimeagiza unga mwingine nipige tano zaidi kabla ya kubadilisha zilizomo nyumbani. Zile za 124 zilizobaki nitazimalizia kwenye karatasi za shabaha. Shemeji anauliza kwa nini safari hii video haina moto.